Jinsi mafuta yanavyoikinga saratani safarini mwilini

KWA miaka mingi madaktari wamejua kwamba saratani ya ngozi aina ya melanoma mara nyingi huenea kwanza katika tezi za limfu, ambazo wengi huziita mitoki, kabla ya kuvamia viungo vya mbali kama vile mapafu. Kilichowatatiza ni sababu.

Jibu moja lilitolewa mwaka wa 2020 na watafiti wa Dallas, Marekani, wakiongozwa na Jessalyn Ubellacker na Sean Morrison. Katika majaribio yao kwa panya, seli za melanoma zilizodungwa katika mitoki zilinusurika na kuunda uvimbe mpya kwa wingi kuliko zilizodungwa moja kwa moja katika damu.

Yaani damu huziua. Kila seli imezungukwa na utando mwembamba wa mafuta. Madini ya chuma yanapochochea oksijeni kuyashambulia mafuta hayo, huvunda mithili ya samli iliyoachwa wazi, utando ukaharibika na seli ikafa. Kifo cha namna hii kilipewa jina la feroptosisi mwaka wa 2012.

Hata hivyo, si mafuta yote yanayovunda upesi. Asidi ya oleiki, iliyojaa katika zeituni na parachichi, ni ngumu kuharibika. Majimaji ya limfu ya panya hao yalikuwa na asidi hiyo nyingi kuliko damu, na chuma kidogo. Seli ya saratani inayopita humo huifyonza na kuitia katika utando wake. Ikiingia katika damu baadaye, tayari imevaa deraya.

Mgonjwa asikimbilie kuacha parachichi kwa sababu hiyo. Mwili wenyewe hutengeneza asidi ya oleiki, na utafiti huo haukupima athari za parachichi mezani.

Chakula chenyewe kilijaribiwa huko Barcelona, Uhispania. Kundi la Salvador Aznar Benitah lilieleza mnamo Disemba 2016 kwamba saratani ya kinywa ilienea zaidi kwa panya waliolishwa mafuta mengi. Seli zilizoanzisha uenezi huo zilikuwa na wingi wa protini iitwayo CD36, ambayo ni kama mlango wa kupokelea mafuta kutoka nje ya seli. Mlango huo ulipozibwa kwa kingamwili, uenezi ulipungua mno, ingawa uvimbe wa awali kinywani haukutikisika.