Kutoka Kisimani hadi Melini: Utangulizi kwa Mwekezaji Mgeni

Huenda umesikia kwamba hisa za kampuni fulani ndogo ya mafuta zinauzwa kwa bei ya kutupa, nawe unajiuliza kama ununue. Hilo sitakujibu. Nitakuonyesha namna ya kuisoma kampuni ya aina hiyo, na nimeichagua Nigeria kwa sababu huko mambo yenyewe yanaonekana waziwazi.

Tuanze na neno "mdogo". Mchimbaji mdogo huru hutoa mafuta ghafi, yaani mafuta kama yanavyotoka ardhini, na kuyauza hivyo hivyo. Hana kiwanda cha kusafishia wala vituo vya petroli, kwa hiyo bei ikianguka hana pa kujificha. Nchini Nigeria wadogo waliingia kwa milango miwili. Mwaka 2003 serikali iligawa maeneo 24 ambamo kampuni kubwa ziligundua mafuta, zikayaacha kwa kuyaona hayazilipi. Baadaye kampuni hizo zikaanza kuuza vitalu vyao vya nchi kavu. Seplat, iliyoanzishwa 2009, ilinunua mwaka uliofuata asilimia 45 ya vitalu vitatu kutoka kwa Shell, Total na Eni; asilimia 55 ilikuwa ya shirika la serikali, NNPC. Mwaka 2014 iliingiza hisa zake kwenye masoko ya Lagos na London kwa pamoja.

Swali la kwanza la kila mgeni ni hili: wana mafuta kiasi gani? Taarifa ya mwaka itakupa tarakimu iitwayo akiba. Angalia vizuri: akiba si mafuta yote yaliyoko chini, bali yale yanayoweza kutolewa kwa faida, nayo hupangwa kwa uhakika wake. Ukikuta 1P, hiyo ni akiba thabiti, ambayo wataalamu wanaona kuna uwezekano wa angalau asilimia 90 wa kuifikia. 2P hujumlisha na akiba tarajiwa, na uwezekano hushuka hadi asilimia 50. Mimi huanza na 1P, hata kampuni ikiichapa 2P kwa wino mzito.

Wanafunzi wangu wengi wakishaielewa akiba hudhani kazi imekwisha: zidisha mapipa kwa bei, umepata thamani. Subiri kwanza. Chukua pipa moja, lita 159, na tuseme kwa mfano tu kwamba linauzwa dola 70. Toa mrabaha, yaani fungu la serikali linalokatwa kwenye mauzo kabla faida haijahesabiwa. Toa gharama za visima, malipo ya bomba na riba ya mkopo. Kisha uliza: pipa lenyewe lilifika? Katika Delta ya Niger wachimbaji kadhaa hutia mafuta kwenye bomba moja, na wezi hulitoboa njiani. Kinachofika mwisho hupimwa, na upungufu hugawanywa kwa wote. Umetia mapipa 100, umehesabiwa 90 hivi. Kumi yamekwenda na hujui na nani.

Na hapo bomba linafanya kazi. Februari 2016 bomba la chini ya bahari katika kituo cha Forcados, ambako mafuta ya Seplat yalipakiwa melini, lililipuliwa, na usafirishaji ukasimama. Mwendeshaji wa kituo hicho alitangaza dharura isiyozuilika, yaani tamko la kisheria kwamba mkataba hautekelezeki kwa sababu zilizo nje ya uwezo wake. Seplat ilikuwa na visima vizima, wafanyakazi na leseni halali, lakini mafuta yake hayakuwa na pa kupita. Ilibidi iyapeleke kwenye gati ya kiwanda cha kusafishia cha Warri, yapakiwe kwenye matishari, yavutwe hadi melini. Njia hiyo ni ghali na ya polepole, na hubeba sehemu tu ya mzigo. Forcados ilirudi sawasawa katikati ya 2017. Wakati huo wote mkopo ulitaka riba yake, na gawio, yaani sehemu ya faida wanayolipwa wanahisa, likasimamishwa.

Kuna kingine kinachowachanganya wengi: faida iliyo kwenye karatasi tu. Katika ubia kama huo wa Seplat na NNPC, mwendeshaji, yaani mbia anayesimamia uchimbaji, humwomba mwenzake achangie fungu lake la gharama, na mchango usipofika hulipa yeye kwanza. Mbia akiwa ni shirika la serikali, mchango huweza kuchelewa miaka. Kwa hiyo usiishie kwenye faida. Tafuta ukurasa wa "wadaiwa", na usome deni la mbia lina umri gani.

Turudi kwenye mabomba. Mwaka 2022 bomba la Amukpe hadi Escravos lilianza kupitisha mafuta baada ya ucheleweshaji mrefu, na Seplat ikapata njia ya pili ya bomba. Haliongezi hata pipa moja kwenye akiba, lakini linaongeza nafasi ya mafuta kufika melini. Siku utakapoifungua taarifa ya kampuni yoyote ya namna hii, ruka picha za wakurugenzi, nenda kwenye ramani. Weka kidole kisimani, kisogeze hadi baharini, uhesabu mabomba, kisha uulize kila moja ni la nani.