Mara Moja Tu, Kisha Tunaondoka

Ndugu msomaji, juma hili twazungumzia jambo ambalo huenda likaonekana dogo kuandikwa na mtu wa madrasa: mchezo wa mbio za pikipiki wanaoucheza watoto wetu katika simu.

Tulikwenda kumzuru kijana mmoja aliyesoma kwetu tangu alifu, ambaye leo ni mwendesha bodaboda. Tulimkuta kitandani, mguu umefungwa plasta, simu mkononi. Tulipotoa salamu aliificha chini ya mto, kama alivyokuwa akizificha gololi chini ya mkeka alipokuwa mdogo. Tukamwambia aitoe nasi tuone.

Mchezo wenyewe unaitwa Moto X3M. Haununuliwi wala haupakuliwi. Ukurasa wa intaneti ukifunguka, mchezo umeanza. Kitufe kimoja huongeza kasi, kingine ni breki, na viwili huinamisha pikipiki mbele au nyuma. Basi. Njia ina vilima, mapengo na misumeno inayozunguka. Ukipinduka hewani duru kamili ukatua salama, wapunguziwa muda. Ukifika mapema, wapewa nyota, na ukomo wake ni tatu. Hatua ni 22, na nyingi ni fupi mno. Ukianguka, warejeshwa papo hapo kwenye kituo ulichokipita, juu ya pikipiki nzima.

Kijana akatupa simu tujaribu. Tulianguka mapema, tukaanguka tena, na hapo tukafahamu siri yake. Mchezo haukutukemea wala kutucheka. Ulituinua kabla hatujawahi kusikitika. Tukasema: mara moja tu, kisha tunaondoka. Tuliinua kichwa kwa adhana ya Magharibi, ilhali tulikuja baada ya Alasiri kwa nia ya kukaa dakika kumi.

Mvuto huu si mpya. Mwaka 1984 kampuni ya Nintendo ya Japani ilitoa mchezo wa pikipiki uitwao Excitebike, nao pia ulikuwa wa vilima, kuruka na kushindana na saa. Ndani yake mlikuwa na adabu moja nzuri: mwenye kuzidisha kasi bila kiasi, injini yake huchemka na hulazimika kusimama hadi ipoe.

Tulipoinuka kwenda msikitini, kijana alitwambia: “Maalim, humu nimeanguka mara nyingi hata sizihesabu. Kule barabarani nilianguka mara moja.” Alikuwa hakuvaa helmeti, na alibeba abiria wawili, ilhali sheria ya nchi yetu yaamuru helmeti na abiria mmoja. Abiria wake walisalimika, alhamdulillahi. Mama yake, aliyekuwa akisikiliza mlangoni, alijifuta macho kwa ncha ya leso.

Hatusemi kwamba mchezo ndio uliomwangusha. Hilo lingekuwa dhulma. Wala dini yetu haikuuchukia mchezo. Mtume (SAW) alishindana mbio na Bi Aisha (RA). Mara ya kwanza Bi Aisha alimshinda, na baadaye Mtume akamshinda naye. Aliendesha pia mashindano ya farasi Madina, akawawekea farasi waliofunzwa masafa marefu, na wasiofunzwa masafa mafupi. Kila mmoja alipewa kwa kadiri ya uwezo wake, na mbio zilikuwa na mwisho unaojulikana.

Mwisho huo ndio unaokosekana katika simu. Hatua ikiisha, nyingine yangoja. Mtume (SAW) ametufundisha kwamba afya na wasaa ni neema mbili ambazo watu wengi huhasirika kwazo. Siku ile tulikutana na zote mbili chumba kimoja: afya iliyovunjika ya kijana, na wasaa wetu sisi uliopotea.

Basi, wazazi wenzetu, kabla ya kupiga marufuku, ketini na watoto mcheze nao. Pataneni idadi ya hatua badala ya dakika, kwani hatua huonekana inapokwisha. Yatazameni matangazo ya ukurasa huo, kwa kuwa mchezo wa bure mara nyingi hulipiwa nayo, na miongoni mwa matangazo ya intaneti mna ya kamari. Na mtoto akianguka ndani ya mchezo akacheka, mwambieni kwa upole kwamba pikipiki ya barabarani haimrejeshi mtu kituoni.

Nasi tumejiwekea ahadi: tukienda tena kumzuru mgonjwa, simu itabaki mfukoni hadi tumwombee dua. Mwenyezi Mungu amponye kijana wetu, awahifadhi vijana wote walioko barabarani, na atubarikie nyakati zetu. Amin.