Breka Inalinda Nini?

Serikali imelenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ya kupikia ifikapo 2034, na majiko ya umeme yameanza kuingia kwenye nyumba ambazo nyaya zake zilipangwa kwa ajili ya taa, redio na feni. Msomaji wa Morogoro anauliza: jiko lake la pleti mbili, oveni ndogo na pasi vikiwa kazini pamoja, breka ya ampea 20 inashuka baada ya dakika kadhaa. Fundi anataka kuweka ya 32, yaishe. Akubali?

Asikubali. Jibu limo kwenye zile dakika kadhaa. Ingekuwa shoti, breka ingeshuka papo hapo.

Ndani ya breka kuna kipande chembamba cha chuma ambacho nakipenda kuliko kitu chochote kwenye meinswichi: vyuma viwili vilivyoshikamanishwa mgongo kwa mgongo. Nakiita utepe pacha, ingawa pacha hawa tabia zao ni mbali mbali. Mmoja ukipata joto hutanuka upesi. Mwingine mara nyingi ni invari, aloi ya chuma na nikeli iliyogunduliwa na Charles Édouard Guillaume mwaka 1896, aliyekuja kutunukiwa Nobel ya fizikia mwaka 1920. Huo karibu hautanuki kabisa.

Sasa lifikirie gwaride la Uhuru linapokata kona. Askari wa nje anapiga hatua ndefu, wa ndani anakanyaga karibu palepale, na kwa kuwa bega limeshikana na bega, mstari mzima unageuka. Mwondoe afande na amri zake. Mpe tu wa nje hatua ndefu, mwachie wa ndani zile fupi, na kona itakuja yenyewe hata kama hakuna askari aliyeitaka. Ndivyo utepe unavyofanya. Mkondo wote wa laini ile unapita ndani ya breka. Ukizidi, utepe unapata moto, chuma cha nje kinarefuka, cha ndani kinagoma, wote wawili wanapinda kuelekea kwa aliyegoma. Ncha inasukuma kilimi, springi inafyatuka, umeme umekata! Kwa shoti, isiyoweza kungoja gwaride, kuna koili ya sumaku inayofyatua springi hiyohiyo mara moja.

Kumbe breka haijui chochote kuhusu jiko lako. Inapima joto kwa niaba ya waya uliofichwa ukutani. Jiko la wati 2,500, oveni ya 2,000 na pasi ya 2,400 ni wati 6,900. Gawanya kwa volti 230, unapata ampea 30. Joto la waya hupanda kwa mraba wa mkondo, kwa hiyo ampea 30 zinauchemsha mara mbili na robo kuliko ampea 20. Breka ya 32 itazipitisha siku nzima bila kujali, na plastiki ya waya wa milimita za mraba 2.5 italainika polepole ndani ya ukuta. (Upo mpangilio wa pete unaoruhusu 32, fundi mzuri anaujua.)

Dawa ni kulitengea jiko laini yake, waya wa milimita za mraba 6 na breka yake ya 32. Hapo ndipo boksi lenyewe la breka linapojieleza. Kama halina nafasi ya breka nyingine, kama bado linatumia fyuzi za waya, kama halina kifaa cha kukata umeme unaovuja, au jumla ya vitu unavyowasha kwa pamoja inaipita breka kuu (ya ampea 40 inabeba wati 9,200 tu), wakati wa kulibadilisha umefika. Wakati mwingine itabidi uombe na TANESCO wakuongezee laini.

Ukigusa mfuniko ukaukuta wa moto, ukisikia mvumo au harufu ya plastiki kuungua, acha hesabu. Zima meinswichi, mwite fundi mwenye leseni ya EWURA.