Druidi Medanini: Vita vya Kumnyang'anya Adui Ardhi

Yapata mwaka wa 60 baada ya kuzaliwa Nabii Isa, jemadari wa Kirumi aliyeitwa Suetonius Paulinus alilifikisha jeshi lake kwenye mlangobahari unaokitenga kisiwa cha Mona, ambacho leo huitwa Anglesey, na bara ya Wales. Na mwandishi wa tarihi Tacitus asimulia kwamba askari wale, ambao panga na mikuki ilikuwa ndiyo kazi yao ya kila siku, walipotupa macho ng'ambo wakawaona madruidi, makuhani wa wenyeji, wameinua mikono mbinguni wakimimina maapizo, walipigwa na bumbuwazi, viungo vikawa kana kwamba vimegandishwa, wakasimama wima kama shabaha. Mambo yaliwaishia vibaya wenyeji, kwa kuwa Warumi walihimizana, wakasonga mbele, wakaua, kisha wakaifyeka misitu iliyokuwa ikitukuzwa. Lakini katika masimulizi hayo hapana mahali panaposemwa kwamba mtu yeyote wa Mona aliutumia mshangao ule kupiga; na kila niketipo kwenye meza ya Dungeons & Dragons nikamwona mchezaji wa druidi amekimbilia mstari wa mbele na rungu lake la mti, habari ya pwani ile hunirudia.

Kwa msomaji ambaye hajauona mchezo huu, maelezo machache yatosha. Watu wanne au watano huizunguka meza. Mmoja wao, msimamizi wa mchezo, husimulia dunia ya kubuni yenye majoka, mazimwi na magofu, na wengine kila mmoja huvaa nafsi ya mhusika wake, akasema na kutenda kwa niaba yake. Na panapotokea jambo lenye shaka, kama vile upanga utapata au utakosa, hutupwa dadu ya pande 20. Waamerika wawili, Gary Gygax na Dave Arneson, ndio walioutunga, nao ulitolewa mwaka 1974. Mwaka uliofuata druidi alitajwa katika kitabu cha nyongeza kama adui tu wa kukutana naye njiani, na mwaka 1976, katika nyongeza iliyoitwa Eldritch Wizardry, akawa mhusika ambaye mchezaji aweza kumchagua, kwa mchango mkubwa wa Dennis Sustare. Kanuni za mwaka 1978 zilimpa utaratibu ambao mpaka leo naustaajabia: katika vyeo vya juu idadi ya madruidi duniani ilikuwa na kikomo, tisa katika daraja moja, watatu katika daraja la juu yake, na mmoja peke yake kileleni, na yeyote aliyetaka kupanda ilimlazimu apambane na mwenye kiti hicho, amshinde, ndipo akikalie.

Sasa jambo la ajabu ni hili, kwamba madruidi wa kweli hawakuwa watu wa vita. Julius Caesar, aliyepigana na Wagali miaka mingi na hakuwa na sababu ya kuwapamba, aliandika kwamba walisamehewa kwenda vitani na kutoa kodi, na kwamba baadhi yao walisoma muda wa miaka 20 wakiyahifadhi mafunzo yao kichwani, kwani hawakuona kuwa ni halali kuyatia maandishini. Strabo na Diodorus, Wayunani wawili, wametuachia habari iliyo bora zaidi: kwamba majeshi mawili yakiwa yamekwisha kujipanga, druidi aliweza kujitia katikati na kuyazuia yasipigane. Mtu huyu alikuwa na mamlaka juu ya uwanja wenyewe uliopo baina ya wenye silaha, na ndiyo mamlaka ambayo waliotunga mchezo, kwa kukusudia au kwa bahati njema, wamemwachia hata leo. Mpiganaji wa upanga huushika mwili wa adui na mchawi wa moto huuteketeza, ilhali druidi huishika ardhi aliyoikanyaga adui. Na asiyelifahamu hilo atalalamika kila Jumamosi kwamba amechagua mhusika dhaifu.

Nichukue mfano mmoja nikae nao. Hesabu nitakazotaja ni za toleo la mwaka 2014, ambalo ndilo nililolicheza zaidi, na majina ya sihiri nimeyatia Kiswahili mwenyewe. Iko sihiri ya daraja la pili, niiite Uoto wa Miiba, ambayo druidi akiitamka, ardhi ya duara lenye upana wa futi 40, hata ikiwa umbali wa futi 150 kutoka aliposimama, huota miiba migumu. Kila atembeaye humo huchomwa, na madhara yake ni jumla ya dadu mbili za pande nne kwa kila futi tano anazokwenda, yaani alama tano za uhai kwa wastani. Hapana jaribio la kujinusuru, wala hapana kurusha dadu kutazama kama miiba imepata au imekosa, kwani unyayo ukishuka umechomwa. Tena ardhi hiyo ni nzito, hivi kwamba mwenye mwendo wa futi 30 kwa zamu moja hupata 15 tu, na katika futi hizo 15 hupoteza alama 15 za uhai kwa wastani.

Mtazame sasa orki, yule askari wa mwituni anayekutana na wasafiri wachanga mara kwa mara. Uhai wake kwa kawaida ni alama 15 barabara. Zaidi ya hayo kanuni zimempa tabia ya ghadhabu, kwamba akimwona adui aweza kujitupa mbele kwa mwendo wa pili katika zamu ile ile. Katika uwanja mtupu tabia hiyo ni tishio kubwa, kwa sababu humfikisha kwa mpiga mishale kabla hajavuta uzi. Katika miiba hiyo hiyo hamaki ndiyo inayomwua, na kadiri anavyoharakisha ndivyo anavyojichinja. Nimepata kuona maorki wanane wakiteremka bondeni kwa kelele, na waliofika ng'ambo wakawa wawili, wakichechemea, ilhali mpiga upanga wa upande wetu alikuwa hajauchomoa alani.

Lakini shani ya sihiri hii imo katika jambo ambalo wachezaji wengi hulisoma haraka wakalipita. Miiba ile hujificha: ardhi huonekana kama ilivyokuwa, na asiyekuwapo ilipotamkwa hawezi kuijua ila macho yake yawe makali kuliko ustadi wa aliyeitamka. Kwa hiyo druidi mwenye tadbiri hasubiri vita vianze. Akiisikia ngoma ya adui nyuma ya kilima huitandika njia mapema, kisha humwachia adui aje kwa miguu yake mwenyewe. Na adui akifahamu, akasimama ukingoni, hapo ndipo wenzake druidi wanapohitajika, kwani miiba haibagui ajaye kwa hiari na aletwaye kwa nguvu: Mjeledi wa Miiba, sihiri ndogo isiyogharimu kitu, humvuta mtu futi 10 kumwelekea aliyeurusha, na pigo la upepo au la mwenzako mwenye nguvu za kusukuma humrudisha kule kule alikotoka. Nasisitiza habari ya wenzake kwa sababu ndiyo iliyokosekana Mona. Iko sihiri ya daraja la kwanza, Mnaso wa Magugu, inayoyaamuru majani yawafunge watu miguu, na aliyefungwa hupigwa kwa urahisi, naye mapigo yake hupungua uhakika. Mara ngapi nimeona adui watatu wamefungwa kwa utaratibu mzuri, na marafiki wa druidi, badala ya kuwaendea hao, wamekwenda kumfukuza wa nne aliyekuwa huru! Kabla ya kutamka lolote mwambie mwenzako utalitamka wapi, na yeye akuambie atasimama wapi.

Mamlaka hayo yana bei yake, nayo ni kukaza nia. Sihiri nyingi nzuri za druidi hudumu kwa muda ambao ameikaza nia yake juu yake, na kanuni hazimruhusu kukaza nia juu ya mbili kwa pamoja. Akitamka ya pili, ya kwanza huvunjika. Tena kila apigwapo hutupa dadu kutazama kama nia imesimama, na lengo lake ni 10, au nusu ya madhara aliyoyapata ikiwa nusu hiyo imezidi 10. Mwenye afya ya kawaida, anayeongeza mbili juu ya dadu yake, hufaulu mara 13 katika 20 kwa pigo jepesi, jambo ambalo mwanagenzi huliona zuri mpaka apigwe mara tatu katika duru moja, yaani kabla kila aliyemo vitani hajamaliza zamu yake. Mcheza bao ajuaye kuitunza nyumba yake hahitaji kufundishwa somo hili: hazina yote ya mchezo imelala katika shimo moja, na kete nyingine zote huchezwa kwa kulitazama shimo hilo. Basi, ukiisha kuitandika miiba, rudi nyuma. Simama penye mti mkubwa au pembe ya ukuta, na zamu zinazofuata zitumie kwa mambo yasiyodai nia: mjeledi, au Neno la Shifaa, ambalo kwa tamko jepesi humwinua aliyeanguka umbali wa futi 60 na kukuachia zamu yako iliyobaki.

Hapa wengi wataniuliza habari ya dubu. Kujigeuza mnyama ndiyo sifa ya druidi inayojulikana kuliko zote, na kwa wafuasi wa Duara la Mwezi, mojawapo ya madhehebu ya madruidi katika mchezo, ni silaha kubwa tangu cheo cha pili, kwa kuwa mhusika ambaye uhai wake mwenyewe haufiki alama 20 huvaa mwili wa dubu wenye alama 34, na mwili huo ukiangushwa hurudi mtu mzima aliyekuwa ndani, akibeba tu ziada ya pigo la mwisho, na aweza kujigeuza tena mara moja kabla ya kupumzika. Siwalaumu wanaoupenda mwili huo. Ninachowaomba ni mpangilio. Mnyama hawezi kutamka sihiri hadi druidi afike cheo cha 18, lakini aliyeikaza nia kabla ya kujigeuza huendelea kuikaza akiwa mnyama, na hapo hutumia kifua cha dubu, ambacho kwa kupigwa ni kipana kuliko chake. Kwa hiyo zamu ya kwanza ni ya sihiri. Mfuasi wa Mwezi, ambaye kujigeuza kwake ni wepesi, aweza kuyafanya yote mawili katika zamu hiyo hiyo, kisha akasimama mlangoni mwa uwanja wake wa miiba kama bawabu. Anayejigeuza kwanza ameziacha sihiri zake zote nje ya mlango. Toleo la mwaka 2024 limeupunguza utajiri huo, kwani anayejigeuza hubaki na uhai wake mwenyewe akaongezewa kidogo wa muda, na jambo hilo, kwa maoni yangu, linazidi kuipa nguvu hoja ya kuitanguliza ardhi mbele ya makucha.

Kuna adui ambaye miiba haimtishi, yule shujaa wa deraya kamili ya chuma asimamaye palepale kulinda lango. Kwake iko Chuma cha Moto, sihiri ya daraja la pili inayoifanya deraya yake iwake. Humchoma alama tisa kwa wastani kila duru, bila jaribio la kujinusuru kwa madhara hayo, na mapigo yake huharibika. Deraya kamili huchukua dakika tano kuivua, na sihiri hudumu dakika moja, ambayo ni duru kumi: hesabu yake ni alama 90, nawe umekaa futi 60 mbali naye, umejificha. Ni sihiri kali, na sioni raha kuitumia juu ya adui ambaye angeweza kusikia maneno. Lakini lango likiwa ni la lazima, hapana ufunguo bora.

Kuhusu Mwito wa Wanyama, unaoleta mbwamwitu wanane kwa pamoja, nitasema kwa ufupi kwamba ni wenye nguvu nyingi na adabu chache, kwani kila mbwamwitu hudai dadu zake, na wenzako wanne hukaa robo saa wakikutazama unahesabu. Ukiutumia, uwe umeziandaa hesabu kabla zamu yako haijafika.

Na vita vikiisha, magugu yakalegea, miiba ikarudi ardhini, druidi ana kazi moja ambayo wenzake aghalabu hawaioni. Nafasi za sihiri, yaani idadi ya mara anazoweza kutamka sihiri kwa siku, zilizobaki usiku haziwekwi akiba, kwani alfajiri zitajaa upya kana kwamba hazikutumiwa hata moja. Basi kabla ya kulala huketi penye moto na kuzimalizia kwa sihiri ya vitunda vidogo, kumi kwa kila nafasi, ambavyo kimoja humshibisha mtu siku nzima na kumrudishia alama moja ya uhai, na nguvu yake hudumu saa 24. Huvigawa mikobani, viwili kwa mpiga upanga, vitatu kwa mwivi wa kundi ambaye huanguka mara nyingi zaidi, akimwuliza msimamizi kama ataruhusu kumtia aliyezirai kitunda mdomoni. Kisha huuliza njia ya kesho inapita wapi, na kama bonde ni jembamba.