Fahamu: Kwa nini Gilead ilishtakiwa kuhusu dawa ya Truvada?

Truvada, kidonge cha kampuni ya Gilead ya Marekani, kiliidhinishwa nchini humo mwaka 2004 kutibu VVU, na mwaka 2012 kuzuia maambukizi. Ndani yake mna kiambato kiitwacho TDF, ambacho kwa baadhi ya watumiaji kinaweza kudhuru figo na kupunguza uimara wa mifupa.

Lakini kesi nyingi zilizofunguliwa California haziishii kwenye madhara hayo. Maelfu ya walalamikaji wanasema Gilead ilikuwa na kiambato kingine, TAF, kisicholemea sana figo na mifupa, ikakiweka kando mwaka 2004 ili iendelee kuvuna faida ya TDF hadi hataza ikaribie kuisha. Dawa ya kwanza yenye TAF iliidhinishwa mwaka 2015. Gilead inakanusha.

Hapo ndipo penye utata, na ugumu wake si mdogo: je, mtengenezaji wa dawa isiyo na kasoro anaweza kuwajibika kwa kuchelewesha iliyo bora? Januari 2024 mahakama ya rufaa ya California iliruhusu dai la uzembe liendelee, Gilead ikakata rufaa.

Vidonge vingi vya kuzuia maambukizi ya VVU (PrEP) vinavyotolewa Kenya na Tanzania vina TDF pia. Kwa watu wengi ni salama na vinakinga vizuri vikimezwa ipasavyo. Usiviache kwa kusikia habari za kesi. Ukiwa na tatizo la figo, mweleze mhudumu wako wa afya akupime.