Pokemon: Jangwa, wizi na viumbe waliofungwa mioyo

MTOTO aliyelelewa Takaba, Kaunti ya Mandera, hahitaji kufafanuliwa uzito wa kumpora mtu mnyama wake. Kwa wafugaji, ngamia ni mali, maziwa, usafiri na heshima ya familia. Anayemchukua bila ridhaa ya mwenyewe huzua uhasama unaoweza kudumu miaka mingi.

Mtoto huyo akikutana na mchezo wa video uitwao Pokemon Colosseum, huenda akashtuka kuliko mwenzake wa Nairobi. Humo, shujaa ni mwizi aliyeasi genge lake, nchi ni jangwa, na kazi ya mchezaji ni kunyakua viumbe walio mikononi mwa watu wengine.

Wazazi wanaolifahamu jina la Pokemon kupitia vibonzo vya televisheni na kadi za watoto nao hawangetarajia hadithi ya namna hiyo. Hata hivyo, kwa zaidi ya miaka 20 jina hilo limebeba, pamoja na michezo yake mikuu, michezo tanzu iliyothubutu kugusa wizi, mateso, kifo na majonzi.

Asili ya Pokemon ni ya upole. Satoshi Tajiri, Mjapani aliyependa kukusanya wadudu utotoni, aliubuni mchezo huo akiwa na kampuni yake ya Game Freak. Ulitoka Japani Februari 1996 kwa ajili ya mtambo mdogo wa mkononi wa Game Boy, ukiwa na viumbe 151. Mchezaji husafiri, huwanasa viumbe wa porini, huwafunza na kuwapambanisha. Kiumbe anayeshindwa huzimia tu, hafi. Na sheria moja haivunjwi: kiumbe wa mwenzako hanaswi.

Hata hivyo, huzuni ilikuwemo tangu mwanzo. Katika mchezo huo wa kwanza mna mnara wa makaburi ya viumbe waliokufa, na kiumbe mmoja, Cubone, huvaa fuvu la mamake aliyefariki.

Pokemon Colosseum ndio uliogeuza sheria juu chini. Ulitoka Japani Novemba 2003, kisha Marekani na Ulaya mwaka wa 2004, kwa mtambo wa GameCube wa kampuni ya Nintendo. Haukutengenezwa na Game Freak bali na kampuni nyingine ya Kijapani, Genius Sonority. Hapo ndipo penye faida ya mchezo tanzu: waandishi wake waliweza kuhama njia iliyozoeleka bila kuuvuruga mfululizo mkuu.

Shujaa, Wes, anaanza kwa kulipua ngome ya genge lake mwenyewe na kutoroka na chombo cha kuporea viumbe. Nchi yake, Orre, ni kavu kiasi kwamba viumbe wa porini ni kama hawapo. Wanaopatikana wengi wao wamepitia mikono ya kundi la wahalifu ambalo limewafunga mioyo kwa njia za kisayansi ili wawe silaha. Hawa huitwa viumbe wa kivuli, nao hufikia hata kuwashambulia binadamu.

Viumbe hao ni 48. Mchezaji huwapora kutoka kwa wahalifu, lakini kuwapora ni nusu tu ya kazi. Kiumbe wa kivuli hakui wala habadiliki umbo hadi moyo wake ufunguliwe, nao hufunguka polepole, kwa kutembea naye, kumwita, kumtunza na kupigana bega kwa bega naye. Mfugaji yeyote angeuelewa mpango huo, kwani mnyama aliyetendewa ukatili hatulizwi kwa siku moja.

Mwaka wa 2005 ulifuata Pokemon XD, uliorejea Orre ukiwa na viumbe wa kivuli 83. Miongoni mwao alikuwa Lugia, kiumbe ambaye katika michezo mingine ni wa kuheshimiwa, lakini hapa amegeuzwa chombo cha uharibifu na kuonekana akiibeba meli nzima angani.

Tawi jingine, Pokemon Mystery Dungeon, lilichagua majonzi badala ya uhalifu. Katika toleo lililofika Marekani na Ulaya mwaka wa 2008, mchezaji ni binadamu aliyeamka akiwa na umbo la kiumbe, bila kumbukumbu. Baadaye anagundua kwamba ametoka katika siku za usoni ambako wakati umesimama na dunia imo gizani. Anayeshukiwa kuwa mwizi, Grovyle, kumbe ndiye anayejaribu kuinusuru dunia. Lakini ikinusurika, wote waliotoka katika siku hizo zilizolaaniwa watatoweka.

Michezo hii yote mitatu ilipewa na bodi ya ukadiriaji ya Marekani alama ya E, maana yake inafaa kila mtu. Hilo si kosa. Mizani ya bodi kama hizo hupima zaidi damu, matusi, ngono na kamari. Uzito wa huzuni ni vigumu kuuwekea alama.

Hata mijadala ya kidini ilipita kando ya jambo hilo. Wanazuoni wa Saudi Arabia walipotoa fatwa dhidi ya Pokemon mwaka wa 2001, hoja zao zilihusu kamari ya kadi na alama zilizochorwa humo.

Nchini Kenya, Bodi ya Uainishaji wa Filamu (KFCB) hutumia madaraja ya GE, PG, 16 na 18. Lakini mchezo ulionakiliwa kutoka simu moja hadi nyingine aghalabu humfikia mtoto bila alama yoyote, awe Garissa, Wajir au Takaba.

Je, giza hili lina madhara? Jamii za Wasomali zimekuwa na jibu lao tangu kale. Watoto wao husimuliwa habari za Dhegdheer, mwanamke mla watu mwenye sikio refu, na hadithi hiyo haijapata kuhesabiwa kuwa upotovu. Tofauti ni kwamba husimuliwa na mama au nyanya, ambaye hukatiza pale mtoto anapoogopa na kumweleza mwisho wake.

Mchezo wa video hauna nyanya. Mtoto hukutana na mwizi shujaa na kiumbe aliyeteswa akiwa peke yake, mbele ya kioo cha simu. Mzazi anayeketi kando yake kwa nusu saa na kumuuliza kwa nini Wes anaruhusiwa kupora atajua mengi kuliko yanayoweza kuandikwa kwenye jalada. Na huenda mtoto wa mfugaji ndiye atakayekuwa na jibu zito zaidi.