Trekta la bei ya chini laweza kumtia hasara mnunuzi

MFANYABIASHARA wa alizeti wa Sepuka, wilayani Ikungi, mkoani Singida, anayetafuta trekta lililotumika ili alimishe mashamba ya watu kwa malipo, mara nyingi hujikuta mbele ya matrekta mawili yanayofanana. Moja bei yake iko chini, jingine limezidi kwa milioni kadhaa. Wengi hukimbilia lile la bei ya chini, na wengine huanza kupata hasara hapo hapo.

Sababu kubwa ni mvua. Singida ina msimu mmoja tu wa mvua kwa mwaka, unaoanza mwishoni mwa Novemba au Desemba na kufikia ukingoni Aprili. Kazi ya kulimisha hubanwa katika wiki chache za mwanzo, wakati maksai wengi bado wamekondeshwa na kiangazi na kila mkulima anataka kuwahi kupanda. Trekta likilala kwa fundi wiki hizo, wateja huenda kwa mwingine, na mwenye trekta husubiri hadi mwaka unaofuata.

Jina pekee halitoshi

Katika matrekta ya nguvu ya farasi 50 hivi, mnunuzi anaweza kuoneshwa Massey Ferguson 240 na Farmtrac 60. La kwanza lina injini ya Perkins. La pili hutengenezwa India na ni miongoni mwa yaliyoingizwa nchini na SUMA JKT baada ya kaulimbiu ya Kilimo Kwanza kutangazwa mwaka 2009. Yote mawili yana injini ya silinda tatu na yanamudu plau la sahani tatu. Kwa hiyo tofauti kubwa kwa mnunuzi ni hali ya kila trekta, na urahisi wa kupata spea zake Singida mjini. Ni busara kuulizia bei ya klachi, nozeli na pampu ya haidroliki madukani kabla ya kuanza kupatana na muuzaji.

Ukaguzi

Mnunuzi makini huenda na fundi wake mwenyewe, si wa muuzaji wala wa dalali, na hufika asubuhi bila kutoa taarifa ya saa. Kwanza hugusa injini. Ikiwa ina joto, imewashwa mapema ili kuficha ugumu wa kuwaka.

Moshi nao una maelezo yake. Wa bluu unaashiria kwamba injini inakula oili, na huenda ringi zimekwisha. Mweusi usiokoma unaelekeza kwenye nozeli au chujio la hewa lililoziba. Oili yenye rangi ya maziwa ina maana maji yamepenya ndani, na hapo gharama ya kushusha injini haiko mbali.

Haidroliki ipimwe ikiwa na plau, baada ya trekta kufanya kazi kwa muda wa saa moja. Pampu iliyochoka huinua vizuri mafuta yakiwa baridi, kisha hushindwa yakipata moto. Magurudumu ya mbele yainuliwe kwa jeki na kutikiswa ili kuona kama bushi zimelegea. Mita ya saa isiaminiwe peke yake. Pedali zilizolika na matundu ya kufungia tela yaliyopanuka hueleza umri wa kazi vizuri zaidi.

Hesabu kamili

Tarakimu zifuatazo ni za mfano tu, si bei za soko. Tuseme trekta A linauzwa Sh. 18,000,000 bila zana. Linahitaji matengenezo ya Sh. 2,800,000 na plau la Sh. 3,500,000. Trekta B linauzwa Sh. 22,000,000 likiwa na plau lake, na matengenezo yake ni Sh. 700,000.

Tuseme pia kwamba trekta hulima ekari 6 kwa siku, na kila ekari hubakiza Sh. 30,000 baada ya kutoa dizeli na malipo ya dereva. Hizo ni Sh. 180,000 kwa siku. A likilala siku 12 katika msimu, limepoteza Sh. 2,160,000. B likilala siku 2, limepoteza Sh. 360,000.

Jumla ya A ni Sh. 26,460,000. Jumla ya B ni Sh. 23,060,000. Lile lililoonekana nafuu kwa milioni nne limekuwa ghali kwa Sh. 3,400,000. Kama B lina tela pia, tofauti inaongezeka, kwa sababu baada ya mavuno tela husomba magunia ya alizeti hadi mashineni na kuendelea kuingiza fedha wakati wa kiangazi.

Kadi kabla ya fedha

Jambo la mwisho ni hati. Baadhi ya matrekta ya SUMA JKT yalichukuliwa kwa mkopo, na katika miaka ya 2010 shirika hilo lililazimika kuwafuatilia wadaiwa. Anayenunua trekta lenye deni hununua na ugomvi. Namba za injini na chesisi zilinganishwe na kadi, jina la muuzaji lihakikiwe TRA, na umiliki uhamishwe kabla ya kumaliza malipo. Muuzaji anayedai kadi "iko kwa ndugu" aachwe na trekta lake.

Wakati mzuri wa kufanya ukaguzi huu ni kati ya Julai na Septemba, fedha za alizeti zikiwa mkononi na mvua ikiwa bado mbali. Anayesubiri hadi Novemba hulazimika kununua kwa pupa, na mwenye pupa ndiye huuziwa mbuzi kwenye gunia.